Chai ya Saa Nne Mpakani

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Ugali wa upande wa Kenya ukivushwa hatua chache hadi Uganda unaitwa posho, na unga ni uleule. Omena, yaani dagaa, hugeuka mukene. Anayerudi baada ya miaka kumi Nairobi au Kampala hufichuliwa na maneno haya kabla hajamaliza kuagiza chakula.

Kwenye migahawa ya kisasa ya miji mikubwa, mlo wa kati ya asubuhi na mchana umevishwa parachichi juu ya mkate na bei ya kumtoa mtu jasho. Mpakani mlo huo ni wa zamani, na jina lake ni chai ya saa nne. Chanzo chake ni jembe. Mkulima huingia shambani kabla jua halijawa kali. Akitoka anakuta uji wa wimbi uliochanganywa na muhogo, pengine na viazi vitamu vya kuchemsha. Mwenye kibanda sokoni, aliyefungua alfajiri, tumbo lake nalo hudai saa hiyohiyo.

Kwa hiyo mwenyeji aliyegeuka mgeni hapelekwi penye viti vya kuzunguka. Anapelekwa kwa mkaanga chapati.

"Boss, mayai mangapi?"

"Mawili, chapati moja."

Mayai yanapasuliwa ndani ya kikombe cha plastiki, yanatiwa kitunguu, nyanya, kabichi na chumvi, yanapigwa kwa nguvu, kisha yanamwagwa juu ya chuma chenye mafuta. Chapati inalazwa juu yake ishikane nayo. Inapinduliwa, inaviringishwa. Hiyo ndiyo rolex, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza "rolled eggs", mayai ya kuviringishwa, yaliyotamkwa haraka hadi yakafanana na saa ya Uswisi. Kampala iliiandalia tamasha lake mwaka 2016. Asiye na pesa ya mayai huagiza kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, na hakuna anayemcheka.

Upande wa Uganda rolex hufungwa mara nyingi kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, kwa hiyo anayetaka kuvuka na kifungua kinywa chake heri aombe gazeti. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na marais wa nchi zote mbili Februari 2018, kimepunguza foleni za malori, lakini sheria ya mfuko haikulegea.

Shida humpata mgeni akifika nyumbani ameshiba. Kwa Waluhya, wakiwemo Wasamia wa pande zote mbili, mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na firigisi, imondo kwa lugha yao, ina mwenyewe: huwekewa mkuu wa nyumba au mgeni anayeenziwa. Shangazi ameamka mapema kuwasha moto. Kumwambia "nimeshakula njiani" ni kumtukana. Mwenye adabu hunawa mikono, akakaa, akala angalau matonge matatu.

Kuelekea Tororo, mji uliojikunyata chini ya mwamba wenye kilele cha mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, mgeni hukuta Wateso na Wajopadhola. Wateso nao walikatwa vipande na ramani: mwaka 1902 Waingereza waliuhamishia Mkoa wa Mashariki wa Uganda upande ambao leo ni Kenya, na jamaa wakabaki nchi mbili. Kwao kikao kikubwa huwa baadaye, kwenye chungu cha ajono, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu huku maji ya moto yakiongezwa. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa Kenya, aliandika insha nzima kuhusu unywaji huo mwaka 1980. Alikuwa na sababu: nani anakaa wapi, karibu na nani, ndiyo habari ya ukoo mzima.

Kulipa hakuna taabu. Vibanda vingi karibu na mpaka hupokea shilingi za nchi zote mbili, na chenji huweza kurudi kwa ile nyingine. Ukipita Busia, fika kabla ya saa tano. Ukichelewa, sufuria ya maharage utaikuta imebaki mchuzi.