Madoa ya Potwe wa Kilindoni

Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini riziki yake ni vijidudu vya baharini na uduvi wadogo mno. Nchini Tanzania anajulikana zaidi Kilindoni, magharibi mwa kisiwa cha Mafia, mkabala na delta ya Rufiji.

Kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati wa joto, potwe huja juu kula, nao watafiti huingia baharini. Mara nyingi wavuvi wa dagaa huwa wameshamwona, kwani samaki wadogo hujikinga kandokando yake. Wengine humzungushia wavu yeye mwenyewe, kisha humfungulia njia apite.

Mtafiti hujitosa na miwani, mapezi ya mpira na kamera, akaogelea sambamba na mnyama wa mita sita au zaidi asiyemjali hata kidogo. Picha inayosakwa ni ya ubavu wa kushoto, nyuma ya tundu la mwisho la matamvua, juu ya pezi. Madoa meupe ya hapo hayafanani kwa potwe wawili. Ikipigwa kimshazari, haifai kitu. Mkia ukishapita, kazi imeharibika. Hapohapo huchunguliwa chini ya tumbo: dume ana viungo viwili karibu na mapezi ya nyuma. Urefu hukadiriwa kwa miale miwili ya leza inayoacha alama ubavuni kwa umbali unaojulikana.

Hesabu za kulinganisha madoa hayo zilibuniwa kwa ajili ya nyota. Edward Groth alizichapisha mwaka 1986. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman wakazihamishia kwa potwe.

Miezi mingine potwe hawaonekani, na ilikuwa rahisi kudhani wamehama. Vifaa vya sauti walivyobandikwa, vikinaswa na mitambo iliyozamishwa baharini, vilionyesha vingine katika utafiti wa mwaka 2015: wengi hubaki, ila husogea mbali na pwani na kushuka chini zaidi. Mwenye msimu alikuwa mtazamaji.

Wanaoonekana Mafia wengi ni madume ambao hawajapevuka. Mwaka 1995 jike aliyevuliwa Taiwan alikutwa na viinitete takriban 300. Majike wa bahari hii huzalia wapi? Na vichanga wao hukulia wapi kabla ya kufika Kilindoni?