Regilatere ya mwendo: mguu wa shofere unapumzika, macho hayapumziki

Barabara inayotoka Lubumbashi, ikapita Likasi na Fungurume, ikafika kwetu Tenke na kuendelea mpaka Kolwezi, njo mshipa wa damu yetu. Mu barabara hii moja munapita bisi za wafanyakazi wa migodi, kamyo za asidi na za chokaa, kamyo zenye kubeba katodi za shaba na mifuko ya kobalti, taksi, pikipiki, kinga za makala, na watoto wenye kwenda masomo. Wote hao kwenye lami moja, tena nyembamba.

Siku hizi magari mengi yenye kufika huku iko na vibutoni kwenye volani ambavyo magari ya zamani hayakuwa navyo. Mashofere wanaviita regilatere. Shofere anafikisha mwendo wa kilometre 70 kwa saa, anafinya butoni, anatoa mguu kwenye akseleratere, na gari inaendelea na 70 yake. Wengine wanasema: "Gari inajiendesha." Siye wa sendika tunataka kueleza leo ile chombo inafanya nini na haifanyi nini, kwa sababu wale wenye kukaa nyuma mu bisi, asubuhi na usiku, ni waume, wake na watoto wetu.

Ilizaliwa kwa kipofu

Mtu aliyeitunga alikuwa kipofu. Jina lake Ralph Teetor, fundi wa mashini wa Marekani, alizaliwa mwaka 1890 mu mji wa Hagerstown, jimbo la Indiana. Alipokuwa mtoto wa miaka 5 aliumia jicho kwa kisu, na baadaye akapoteza macho yote mawili. Hata hivyo alisoma, akawa injenia, akaongoza kampuni ya kutengeneza vipande vya motere.

Watu wanasimulia kwamba alikuwa anasafiri na mwanasheria wake, na huyu alikuwa na tabia mbaya: akiongea, gari inapunguza mwendo, akisikiliza, gari inaongeza. Kipofu haoni barabara, lakini mwili wake unasikia kila kutikisika. Teetor akachoka. Akaanza kutafuta namna ya kushika mwendo bila kutegemea mguu wa mtu. Wakati wa vita kuu ya pili, serikali ya Marekani ilikuwa imeshusha mwendo wa magari hadi karibu kilometre 56 kwa saa, kusudi kulinda mafuta na mipira ya magurudumu. Hiyo nayo ilimpa sababu. Mwaka 1950 alipata hati ya uvumbuzi, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kuweka chombo yake mu magari yake. Kisha mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, watu wengi wakaipenda, maana gari yenye kushika mwendo mmoja mu njia tambarare inakunywa kidogo.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1788, James Watt aliweka mipira miwili ya chuma yenye kuzunguka juu ya mashini ya mvuke. Mashini ikikimbia sana, mipira inafunguka na kupanda, na inafunga njia ya mvuke. Mashini ikilegea, mipira inashuka na kufungua tena. Ni akili moja na ile ya leo.

Inafanya kazi namna gani

Mutazame kijana anayesukuma kinga yenye magunia matatu ya makala. Kwenye mlima anainama na kusukuma kwa nguvu. Kwenye tambarare anasukuma kidogo. Kwenye mteremko anarudi nyuma na kuzuia. Anataka mwendo usibadilike, basi nguvu yake njo inabadilika. Regilatere inafanya kazi ya huyo kijana, lakini ya kwanza na ya pili tu. Ile ya tatu, mara nyingi, haiijui. Mukumbuke hiyo, tutairudilia.

Ndani ya gari kuko kaptere, kijicho kidogo chenye kuhesabu mizunguko ya gurudumu ao ya boksi ya vitesi. Kila mara kinapeleka hesabu kwa kompyuta ndogo ya gari. Kompyuta inalinganisha: shofere ameomba 70, gari iko 67, imepungua 3. Inaamuru motere ipate mafuta zaidi. Gari ikifika 72, inapunguza mafuta. Mu magari ya zamani kamba ya chuma ilikuwa inavuta akseleratere kabisa; mu magari ya leo ni waya za umeme tu.

Kompyuta haitazami tu tofauti ya sasa. Inatazama pia tofauti imedumu muda gani: kama gari imebaki 67 mu mlima mrefu, inazidi kuongeza nguvu pole pole. Na inatazama tofauti inakwenda upande gani: kama mwendo unapanda haraka, inaanza kupunguza mbele ya kufika 70, kusudi gari isiruke na kuwatikisa watu.

Shofere akigusa freni, regilatere inakatika hapo hapo. Akikanyaga ambreyaje, vile vile. Akiongeza akseleratere kwa mguu, gari inakimbia, na akitoa mguu inarudia ile 70. Mu magari mengi haikubali kuwaka chini ya kilometre 30 ao 40 kwa saa. Na kuko butoni moja ya kuangalia sana: ile ya kurudisha mwendo wa zamani. Shofere alikuwa na 80, akafika kijijini, akafrena, akapita pole pole. Akifinya ile butoni kabla nyumba hazijaisha, gari inakumbuka 80 na inaikimbilia. Haijui kwamba kuko mtoto mbele. Haijui kitu chochote isipokuwa namba.

Mteremko, mvua, na usingizi

Sasa turudilie mteremko. Regilatere ya kawaida iko na silaha moja tu: mafuta ya motere. Kwenye mteremko inaweza kufunga mafuta yote, lakini uzito wa gari unaendelea kusukuma. Mu gari ndogo mwendo unapanda kidogo. Mu kamyo ya tani 40, ni habari ingine. Shofere anayeamini kwamba "regilatere inashika" anachelewa, kiisha anafrena kwa nguvu na muda mrefu, freni zinapata moto, na freni yenye moto inapoteza nguvu.

Kamyo za kisasa ziko na ralantisere, chombo ya kupunguza mwendo bila kutumia freni za magurudumu, na zingine zinaiunganisha na regilatere. Wandugu wetu wenye kuendesha kamyo kubwa ndani ya migodi wanaijua vizuri. Kuko zenye kupoza freni kwa mafuta, na kompyuta inafrena yenyewe kusudi motere isizunguke kupita kiasi. Kuko zenye motere za umeme: kwenye mteremko motere zinageuka kuwa jenereta, na umeme wake unachomwa mu vyuma vyenye kupata moto na kupozwa na upepo. Lakini yule wa mgodini amefundishwa, njia yake inamwagiwa maji na kusawazishwa, na mteremko wake unajulikana. Yule wa barabara kubwa anakutana na mbuzi, shimo, na kamyo iliyokufa bila taa, yenye matawi matatu ya miti nyuma yake kama alama.

Jambo la pili ni mvua. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4, lami yetu inabeba maji na matope. Kaptere inahesabu mizunguko ya gurudumu. Haijui kama gurudumu linashika lami ao linateleza. Gari ikipungua mwendo ndani ya maji, regilatere inaongeza nguvu pale ambapo shofere mzuri angetoa mguu pole pole. Njo maana vitabu vya watengenezaji wenyewe vinakataza kuitumia kwenye njia ya utelezi. Ralantisere nayo ni hatari hapo, sana sana remorke ikiwa tupu: magurudumu ya nyuma yanaweza kuteleza na kamyo ikajikunja.

Jambo la tatu njo linatuumiza zaidi sisi wa ekipe ya usiku: usingizi. Mguu ukikosa kazi, mwili unalegea. Shofere aliyeamka saa tisa ya usiku, akapeleka ekipe moja, akangoja, akarudisha ingine, hahitaji chombo cha kumlaza zaidi. Kwa kilometre 80 kwa saa, gari inakula metre 22 kila sekunde. Sekunde tatu za kufumba macho ni metre 66, karibu nusu ya uwanja wa mpira na zaidi. Na tuseme tena hesabu ambayo kila mtu anapashwa kuijua: kutoka 60 kufika 80, mwendo umeongezeka theluthi moja tu, lakini nguvu ya kugonga imeongezeka karibu mara 1,8.

Hapa kwetu hatuzungumzi mambo ya vitabu. Tarehe 20 Februari 2019, kamyo iliyobeba asidi ya sulfuriki iligongana na magari mengine huku karibu na Tenke, kwenye barabara hii. Watu karibu 20 walikufa, na asidi iliunguza watu na udongo. Hatusemi kwamba regilatere ilikuwa ndani ya mambo hayo. Tunasema tu kwamba mu barabara yenye mizigo ya namna hiyo, kila sekunde ya shofere iko na bei.

Ile yenye kuona mbele

Mutasikia pia kwamba kuko regilatere mpya yenye kuona. Ni kweli. Ilianza Japani mu miaka ya 1990, na Mercedes ikaiweka mu gari zake mwaka 1999. Mbele ya gari kuna rada yenye kutuma mawimbi, na mawimbi yanarudi baada ya kugonga gari iliyo mbele. Kompyuta inajua umbali, inapunguza mwendo, mara ingine inafrena yenyewe. Ni chombo kizuri. Lakini nyingi, zaidi zile za kwanza, zilitengenezwa kufuata gari yenye kutembea, na kwa mwendo mkubwa hazitambui vizuri kitu kilichosimama. Matope na vumbi vyetu vinaziba macho yake. Kijana wa makala bila taa, saa moja ya jioni, asiwekwe mikononi mwa rada.

Kitu tunachotaka kwa kweli

Watu wanachanganya regilatere na limitatere. Regilatere inashika mwendo mahali pa mguu. Limitatere inaacha mguu ufanye kazi, lakini inakataa kupita namba fulani. Ulaya, tangu sheria ya mwaka 1992, kamyo kubwa zinafungwa zisipite kilometre 90 kwa saa. Kwa bisi ya wafanyakazi, limitatere iliyofungwa na fundi na kupigwa muhuri iko na faida kuliko regilatere: shofere anabaki macho, na hakuna mkubwa wa kumwambia kwa simu "kimbia, ekipe imechelewa", kwa sababu gari yenyewe inakataa.

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka kuwe na komite ya usalama na usafi mahali pa kazi. Delege wa sendika wanakaa humo. Tunawaomba madelege wote, wa makampuni makubwa na wa wale wanaokodi bisi, wapeleke mezani mambo haya manne:

Kwanza, kanuni iliyoandikwa: hakuna regilatere mu mvua, mu vijiji, kwenye mteremko, wala usiku.

Pili, limitatere kwenye kila bisi, na namba yake iandikwe pale ambapo wasafiri wanaweza kuisoma.

Tatu, saa za kupumzika za shofere zihesabiwe kama zile za mtu wa mgodini. Shofere anayelipwa kwa safari, siyo kwa saa, anasukumwa kukimbia. Kumpa azabu yeye peke yake ni kukata tawi na kuacha mzizi.

Nne, freni na ralantisere zipimwe mbele ya mvua kuanza. Kuko kipimo kidogo ambacho kila mtu anaweza kufanya: asimame nyuma ya bisi wakati shofere anakanyaga freni. Mu magari mengi, swichi yenye kuwasha taa za nyuma njo inasaidia pia kukata regilatere. Taa zisipowaka, bisi isitoke.

Familia nazo zijue haki yao: ajali inayompata mfanyakazi njiani, kati ya nyumba na kazi, inahesabiwa na CNSS kama ajali ya kazi. Muulize kama mwajiri amewaandikisha, na muulize sasa, siyo siku ya kilio.

Na nyinyi mnaokaa ndani ya bisi, msilale wote. Mmoja akae karibu na shofere, amwongeleshe. Akiona ametoa mguu na mvua inanyesha, amwambie kwa heshima: "Tata, tuzimie ile chombo, tuendeshe na mguu." Hakuna shofere mwema atakayekasirika. Naye iko na watoto wanaomngoja.