Feni ya Rejeta Isipozunguka: Maelezo kwa Vyama Vyenye Magari Yaliyozeeka

Chama cha msingi kinapomiliki gari moja tu, tena lililotumika miaka mingi kabla ya kununuliwa, gari hilo hubebeshwa kazi nyingi. Asubuhi hupeleka madumu ya maziwa kituoni, mchana hufuata mbegu na mbolea, jioni humrudisha katibu kutoka benki. Siku injini inapochemsha hadi kupinda silinda hedi, kazi zote hizo husimama, na gharama ya matengenezo hutoka katika fedha za wanachama. Hasara hiyo huweza kuanzia kwenye kitu kidogo sana: fyuzi iliyoungua, waya ulioshika kutu, au swichi iliyokufa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitafuta kasoro ya feni kwa utaratibu, ili katibu aweze kuwasimamia dereva na fundi kabla ya kuidhinisha malipo.

JINSI FENI YA UMEME INAVYOFANYA KAZI

Katika malori mengi, na katika Land Rover za zamani, feni huzungushwa na mkanda wa injini. Katika magari madogo ambayo injini imelazwa kwa upana, kama Toyota Corolla zinazovutwa na magurudumu ya mbele zilizoanza kuundwa mwaka 1983, feni ina mota yake ya umeme. Swichi iliyotumbukizwa katika maji husikia joto. Joto likifika kiwango kilichowekwa, ambacho kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 85 na 100 za Selsiasi, relei huruhusu umeme wa betri kupita hadi kwenye mota. Maji yakipoa, umeme hukatwa. Kwa hiyo feni iliyotulia wakati injini ni baridi si mbovu. Ubovu ni kutulia wakati wa joto.

KWA NINI NYANDA ZA JUU ZINAHITAJI UANGALIFU ZAIDI

Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na Iringa uko juu ya mita 1,500. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, na maji yaliyo wazi huchemka mapema: karibu nyuzi 94 Mbeya na nyuzi 95 Iringa, badala ya 100 kama ilivyo pwani. Kifuniko kizima cha rejeta huyabana maji yasichemke hadi joto lipite nyuzi 110. Kifuniko chenye mpira uliochakaa huacha mgandamizo utoroke, na maji huweza kuchemka kabla swichi haijaiamuru feni izunguke. Hapo feni hulaumiwa bure, na mota nzima huweza kubadilishwa ilhali kosa ni la kifuniko.

Jambo la pili ni baridi. Katika miezi ya Juni na Julai, gari linalokwenda kwa mwendo mzuri kati ya Makambako na Mafinga hupozwa na upepo wa barabarani, hata kama feni imekufa. Ugonjwa hujificha mpaka siku gari linapotambaa nyuma ya malori katika mlima wa Kitonga, au linapokwama katika foleni ya Mwanjelwa.

Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuulizia. Gari likichemsha linaposimama au linapokwenda polepole, kisha likapoa linapokimbia, feni ishukiwe. Likichemsha hata linapokimbia, ichunguzwe kwanza rejeta iliyoziba, pampu ya maji, thamostati, au gasketi ya silinda hedi.

UTARATIBU WA UCHUNGUZI

Kabla ya lolote, injini izimwe na iachwe ipoe. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kikiwa cha moto, kwani maji yataruka na kuunguza. Maji baridi yasimwagwe juu ya injini ya moto, kwani chuma huweza kupasuka. Vidole na nguo vikae mbali na feni, maana katika baadhi ya magari huweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

1. Maji. Kiasi cha maji kitazamwe injini ikiwa baridi. Maji yakipungua, swichi hubaki katika hewa, wala haisikii joto halisi la injini. Kifuniko na mipira ya maji vikaguliwe papo hapo.

2. Fyuzi. Fyuzi ya feni itolewe na kutazamwa. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye ampea zile zile. Ni marufuku kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Huko ni kualika moto. Fyuzi mpya ikiungua tena, mota imekwama au kuna waya uliochubuka unaogusa bodi.

3. Mota. Soketi ya mota ichomolewe, na mota iunganishwe moja kwa moja na betri kwa nyaya mbili, mmoja ukiwa na fyuzi. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na kosa liko njiani. Isipozunguka, fundi atenganishe nyaya hizo, kisha aizungushe feni kwa mkono. Ikiwa nzito, beringi au bushi zimekwisha. Ikiwa nyepesi lakini haina uhai, yumkini kaboni zimekwisha. Mota inayoamka baada ya kugongwa kidogo kwa mpini wa bisibisi ina kaboni zilizochakaa; haitachukua muda kabla ya kunyamaza kabisa.

4. Relei. Relei ya feni ibadilishane nafasi na nyingine ya aina ile ile iliyomo katika gari, endapo ipo. Feni ikifufuka, relei ndiyo mbovu. Sauti ya "tiki" peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa relei huweza kulia ilhali ncha zake za ndani zimeungua.

5. Swichi ya joto. Ufunguo uwashwe bila kuamsha injini, kisha soketi ya swichi ichomolewe. Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1980 na 1990, feni huanza papo hapo. Katika magari mengine, feni huanza nyaya mbili za soketi hiyo zinapounganishwa. Feni ikizunguka kwa jaribio linalohusu gari hilo, lakini haizunguki wakati wa joto, swichi ibadilishwe. Magari yanayoongozwa na kompyuta yasijaribiwe kwa kuunganisha nyaya. Hayo yapelekwe kwa fundi mwenye kifaa cha kuyasoma.

6. Ethi. Feni inayozunguka kwa uvivu huweza kuwa na waya wa ethi ulioshika kutu au tope mahali unapofungwa kwenye bodi. Feni ikiwa inazunguka, mita iwekwe kati ya waya huo na ncha hasi ya betri. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, mahali hapo pasuguliwe hadi chuma king'ae, kisha pakazwe.

Mota ikiwa imebadilishwa, hasa kwa kifaa kilichotumika, upande wa upepo uhakikishwe. Feni iliyo nyuma ya rejeta yapasa kuvuta hewa kutoka mbele. Karatasi ikiwekwa mbele ya rejeta inapaswa kunata. Ikisukumwa, nyaya zimegeuzwa au mapanga si yake.

TIBA ZISIZO TIBA

Kung'oa thamostati hakuponyi feni. Katika baridi ya Uporoto injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Vivyo hivyo, kuiwasha feni kwa swichi ya mkono ni njia ya kufika nyumbani tu. Dereva akisahau kuiwasha, injini huungua. Akisahau kuizima, betri hulala.

Gari likianza kuchemsha njiani, dereva awashe hita ya ndani kwa nguvu zote ili kupunguza joto, na asimame mahali pa kwanza palipo salama. Kuendelea hadi kijiji kinachofuata kwa kuwa "pamebaki padogo" ndiko kunakopindisha silinda hedi.

WAJIBU WA KATIBU

Katika daftari la gari iandikwe siku, mahali, na hali ya gari lilipochemsha: lilikuwa limesimama, likipanda mlima, au likikimbia. Fundi anapodai mota mpya, aulizwe mambo matatu: je, fyuzi imetazamwa, je, mota imejaribiwa moja kwa moja kwenye betri, je, swichi na relei zimepimwa? Majibu yaandikwe. Kifaa kilichotolewa kirudishwe chamani na kitajwe katika hati ya malipo, ili Bodi na wanachama waone kilichonunuliwa kimechukua nafasi ya nini.

Mwisho, kila mwezi dereva aliache gari likiunguruma likiwa limesimama, huku akitazama kipimo cha joto, mpaka feni ijiwashe na kujizima yenyewe. Mshale ukivuka kiwango cha kawaida feni ikiwa bado kimya, azime injini na kutoa taarifa siku hiyo hiyo. Jaribio hilo halina gharama kubwa, na matokeo yake yaandikwe katika daftari pamoja na sahihi ya dereva.