Picha kama Ushahidi: Utambuzi wa Sisimizi wa Migunga katika Nyika za Laikipia

Utangulizi

Neno sisimizi hujumuisha wadudu wengi wanaotofautiana kwa umbo na mwenendo. Katika mazungumzo ya kila siku ujumla huo hauna madhara. Kwa mtafiti na mshauri wa sera, unaweza kuficha badiliko kubwa la mazingira. Makala hii inafafanua jinsi picha zinavyoweza kuwatenganisha sisimizi wenyeji na mvamizi katika nyika za Laikipia, nchini Kenya.

Umuhimu wa utambuzi

Kwenye udongo mweusi wa Laikipia umetawala mgunga uitwao Vachellia drepanolobium, ambao baadhi ya miiba yake huvimba na kuwa vinundu vyenye uwazi ndani. Spishi nne za sisimizi hukaa juu yake: Crematogaster mimosae, C. nigriceps, C. sjostedti na Tetraponera penzigi. Mbili za kwanza huulinda mti kwa kuwauma tembo. Mvamizi, Pheidole megacephala, huwaangamiza wenyeji hao wa jenasi ya Crematogaster, ilhali yeye mwenyewe haulindi mti.

Utafiti uliofanyika katika hifadhi ya Ol Pejeta na kuchapishwa katika jarida la Science mwaka 2024 ulibaini kuwa, palipovamiwa, tembo huharibu miti kwa kiwango cha mara tano hadi saba zaidi. Uwanda ukibaki wazi, simba hukosa maficho ya kumvizia punda milia. Mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba. Kufikia mwaka 2020 walikuwa asilimia 42, huku nyati wakipanda kutoka sufuri hadi asilimia 42.

Sifa zinazopaswa kuonekana

Hifadhidata ya AntWeb huonyesha kila sisimizi kwa pande tatu: uso kwa mbele, mwili kwa ubavu na mwili kwa juu. Utaratibu huo unafaa pia nyikani. Kwa ubavu, kiuno cha Crematogaster huonekana kimeungana na sehemu ya juu ya tumbo. Kwa juu, tumbo lina umbo la moyo. Tetraponera ni mwembamba na mrefu. Pheidole ana watendakazi wa aina mbili: wadogo walio wengi, na askari wachache wenye vichwa vikubwa mno. Kwa hiyo picha ya mtendakazi mmoja mdogo haitoshi. Mpigapicha afuate msafara hadi ampate askari.

Rangi husaidia, ingawa haitegemewi peke yake: C. nigriceps ana kichwa cheusi na kifua chekundu, na C. sjostedti ni mweusi mwili mzima. Mti nao upigwe picha, kwa kuwa C. nigriceps hukata machipukizi, na C. sjostedti hukaa katika matundu yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakawa badala ya vinundu.

Hitimisho

Jenasi ya Pheidole ina spishi nyingi zinazofanana. Picha huibua shaka ya uvamizi; uthibitisho huhitaji vielelezo vilivyohifadhiwa kwenye alkoholi na kukaguliwa na mtaalamu. Inapendekezwa kwamba walinzi wa hifadhi wafunzwe kuambatisha tarehe, mahali na aina ya mti kwa kila picha, na kwamba ripoti za Kiswahili zimtofautishe mvamizi kwa istilahi moja, kwa mfano sisimizi kichwa-kikubwa. Bila jina lake mahususi, mvamizi huyo ataendelea kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji anaowaangamiza.