28, 14, 6, 4: wanaopotea njiani

Mwaka 2009 Tanzania iliwahoji vijana 3,739 wa miaka 13 hadi 24, wa kike na wa kiume, kuhusu ukatili waliofanyiwa utotoni. Ripoti ilipotoka 2011, gumzo lilikuwa moja: karibu wasichana watatu kati ya kumi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ni 13 kati ya 100. Kinachonisumbua zaidi ni kilichofuata.

Chukua wasichana 100. Waliotendewa ni 28. Waliomwambia mtu yeyote ni nusu yao, 14. Waliotafuta msaada ni kama 6. Waliohudumiwa hawazidi 4. Wavulana husema kwa nadra zaidi.

Wanapotelea wapi? Karibu nusu ya wasichana waliotendewa, asilimia 49, walisema angalau tukio moja lilitokea nyumbani kwa mtu. Asilimia 23 walitaja njiani kwenda au kutoka shule. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inataka mbakaji afungwe si chini ya miaka 30, na maisha kama mtoto hajafika miaka 10. Basi mtuhumiwa akiwa baba mdogo anayelipa ada, kikao cha ukoo hukaa kabla ya polisi kusikia lolote.

Wakati huo saa zinakwenda. Dawa za kuzuia VVU, zinazomezwa siku 28, zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayowahi ina faida. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kina saa 120. Binti aliyebakwa Ijumaa usiku ana mpaka Jumatatu usiku: toa usiku wa hofu, toa Jumamosi ya kikao, toa Jumapili ya kubembelezwa anyamaze.

Fomu ya polisi, PF3, ni bure. Nauli si bure. Kuna safari ya kituoni, ya hospitali, za kurudi kupimwa, kisha mahakamani kila kesi inapoahirishwa. Na binti hasafiri peke yake, kwa hiyo zidisha kwa mbili, ongeza kibarua cha mama kilicholala. Ndiyo maana naona vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowaweka daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii chini ya paa moja hospitalini, vinaokoa wengi kuliko kifungo kikirefushwa miaka kumi zaidi. Tatizo havipo kila wilaya.

Ili ushahidi usipotee, aliyetendewa asioge kwanza kama anaweza kuvumilia, na nguo zisifuliwe. Zifungwe kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Mwenye hali mbaya aanzie hospitali, PF3 ifuate. Saa 72 zikipita bado aende: kuna tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B na ushauri nasaha. Kwa mtoto, namba ya simu ya msaada ni 116, bila malipo.