Rangi ya Baiskeli Katika Mtaa wa Uzunguni

Tangu Uhuru mji wa Dar es Salaam umebadilika sura mara nyingi, na katika mageuzi hayo yote mahali ambapo mtu wa kipato haba ameacha athari isiyofutika ni Oysterbay, kwenye maduka yajulikanayo kwa jina la Morogoro Stores. Zama za ukoloni huko kulikuwa uzunguni, ilhali baadhi ya wapishi, madobi na watunza bustani wa majumba yale walikaa Msasani, katika vibanda vya Mikoroshini. Ndiko alikokaa marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyekuja pwani kutafuta riziki, na ambaye mnamo mwaka 1968, bila ya kusomeshwa na mwalimu yeyote wa sanaa, alianza kuchora.

Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa Ulaya. Alitwaa hadibodi, ile ipigiliwayo darini, akaikata vipande vya mraba, akaipaka rangi ya baiskeli, na juu yake akatia chui, ndege na tembo. Kwa hiyo vifaa vile vile vya kuujengea mji mpya, mikononi mwa mtu asiyekuwa na nyumba ya fahari, viligeuka sanaa.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Jamaa na wanafunzi wake hawakuiacha kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Ukiingia katika karakana yao hapo Morogoro Stores utakuta mmoja akipaka usuli wa rangi moja, toka iliyokoza hadi hafifu. Mwingine akichora mnyama, tena bila ya kuanza na penseli. Na kijana akinakshi kwa madoa, moja moja, huku mbao zilizokwisha zikianikwa juani. Wapo wanaozidharau picha hizi kuwa ni bidhaa za watalii tu. Sikubaliani nao hata kidogo, kwani ustadi unaorithishwa mkono kwa mkono zaidi ya miaka 50 si uchuuzi.

Leo ardhi ya Oysterbay na Msasani ni ghali mno, na maghorofa yanazidi kuinuka. Nawasihi wenye mamlaka ya kupanga mji wawawekee mafundi hawa mahali pao kwa hati na sheria, wasingoje hisani ya mwenye kiwanja. Nawe msomaji, usiwaachie wageni peke yao: nenda ukanunue ubao mmoja, na umwulize fundi jina lake.