Kipimo cha Mate Chumbani
Tangu mwaka 2017 Kenya imeruhusu watu wajipime wenyewe virusi vya Ukimwi kwa mate. Kwa dada zetu wa Lodwar na Kakuma, ambako zahanati huwa mbali na macho ya majirani karibu, faida kubwa twaiona kuwa ni sitara. Kijiti hupitishwa mara moja ufizi wa juu, mara moja wa chini, kisha hutumbukizwa kichupani. Jibu husomwa baada ya dakika 20, zisipite 40. Kinachotafutwa ni kingamwili, ambazo huweza kuchelewa hadi miezi 3, basi mstari mmoja haumtoshi mwenye hofu ya juzi. Mistari miwili, hata hafifu, ithibitishwe hospitali. Mume asimshurutishe mkewe. Anayetumia ARV asijipime hivi. Jibu laweza kumpotosha akaacha dawa.